Mwanza kwa Siku Tatu: Mwongozo wa Kuutembelea Mji kwa Kufuata Saa za Kazi Zake

Wageni wengi wanaofika Mwanza huwa hawakuja Mwanza. Wengine wako njiani kuelekea Serengeti, wengine wanasubiri meli ya Bukoba, na wengine wameitwa kwenye semina itakayowafungia ukumbini hadi jioni. Kisha katika saa mbili zinazobaki hupelekwa Kamanga wakapige picha na Jiwe la Bismarck, hula samaki mmoja, na huondoka wakisema kwamba mji ni mzuri ila hauna mambo. Mambo yapo, tatizo ni saa waliyoyatafuta. Mwanza ni mji wa kazi, na karibu kila kitu kinachofaa kutazamwa hapa ni kazi ya mtu fulani au kimetokana nayo, kuanzia dagaa wanaoanikwa hadi ngoma zinazochezwa kwa jembe mkononi. Kazi hizo zina saa zake, msimu wake, na kama utakavyoona, hata mwezi wake. Anayefika soko la samaki saa nne asubuhi hukuta pilikapilika zimekwisha kupoa, na anayekwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi Novemba hukuta ngoma zimetulia mahali pake na wachezaji wako shambani.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mgeni mwenye siku tatu, na ndani ya kila siku nimefuata saa ambazo wenyeji wenyewe huwa kazini.

Hatua ya kwanza: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi na msimu

Mara ya kwanza nilipompeleka mgeni Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, naye alikuwa shemeji yangu kutoka Tanga, nilimwamsha saa kumi na moja alfajiri kwa ahadi kubwa kwamba angeona dagaa wengi kuliko aliowahi kuwaona maishani mwake. Tulikuta vichanja vitupu, nyavu zimekunjwa, na akina mama wawili wakisukana nywele juu ya magunia. Nikamwamkia yule mkubwa, “Shikamoo mama, leo dagaa wako wapi?” Akaitikia marahaba, kisha akaelekeza kidole juu bila kuinua macho: “Mmekuja na mwezi, wanangu. Rudini giza likirudi.”

Maelezo yake ni haya. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na za umeme wa jua, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga na kukusanyika chini yake, ndipo wavu unapowazungushia. Mbalamwezi inapoangaza ziwa lote, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwaita, na hivyo kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, hushona nyavu na kurudi kwa familia zao. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, tazama kalenda ya mwezi na ujipangie kufika katika kipindi ambacho wavuvi wenyewe hukiita giza. Samaki wengine, hasa sato na sangara, utawapata mwezi mzima.

Kuhusu msimu, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora kwa mtu anayependa ngoma, kwa kuwa mavuno yamekwisha, mvua zimekatika, na Wasukuma wana nafasi ya kucheza. Mvua kubwa huwa kati ya Machi na Mei, na nyingine huanza mwishoni mwa mwaka. Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake halichoshi kama la Dar es Salaam, lakini usiku wa Julai kando ya ziwa unahitaji sweta.

Hatua ya pili: Tafuta pa kulala karibu na katikati ya mji

Lala mahali ambapo unaweza kutembea kwa miguu hadi gati la Kamanga, kwa sababu saa nzuri za mji huu ni alfajiri na magharibi, na hutaki kuzimalizia kwenye foleni. Hoteli za ufukweni upande wa Ilemela zina mandhari na utulivu, nazo zinamfaa aliyekuja kupumzika. Aliyekuja kuona mji na akae mjini. Uwanja wa ndege uko umbali wa kilomita 10 hivi kutoka katikati. Mabasi ya mikoani hutumia stendi ya Nyegezi, iliyo kusini mwa jiji, na stendi ya Nyamhongolo kwenye barabara ya Musoma, na kwa kuwa stendi hizo ziko pande mbili tofauti, uliza basi lako litashushia wapi kabla hujamwagiza mwenyeji wako aje kukupokea. Ndani ya mji, daladala, bajaji na bodaboda hutosha kwa kila safari iliyotajwa humu.

Jifunze pia salamu mbili. Asubuhi ni “mwangaluka” na jioni ni “mwadila”, na kwa mwanamke mtu mzima utaongeza “mayo”, kwa mwanamume “baba”. Shukrani ni “wabeja”. Watu wa Mwanza wanazungumza Kiswahili bila shida, na wengi wao si Wasukuma, maana Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakurya, Wajaluo, Wahindi na Waarabu wote wana mitaa na biashara zao hapa. Hata hivyo mama wa sokoni aliyeamkiwa kwa Kisukuma hatakupangia bei ya mgeni kwa urahisi.

Hatua ya tatu: Alfajiri ya kwanza, nenda Mwaloni

Mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki, na kila kijiji cha kando ya ziwa kina wake, lakini mtu wa Mwanza akisema Mwaloni bila kuongeza neno anamaanisha soko la kimataifa la samaki la Kirumba. Fika saa kumi na mbili asubuhi. Vaa viatu vilivyofunikwa ambavyo hutavionea huruma, acha mkoba hotelini, na ubebe fedha kidogo kwenye mfuko wa mbele.

Utakachoona kwanza ni mitumbwi mikubwa ya mbao inayotoka visiwani ikiwa imesheheni magunia ya dagaa waliokwisha kuanikwa, na wapagazi wanaoyashusha kwa kupita juu ya ubao mmoja mwembamba, gunia kichwani, kwa mwendo ambao wewe huuwezi hata mikono ikiwa mitupu. Wakisema “pisha”, pisha kwanza halafu ndipo uulize. Ndani ya soko, magunia hupangwa kwa ubora. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja au nyavu huwa weupe wenye kung’aa na hawana mchanga, na ndio wanaokwenda mezani. Waliopata mvua wakati wa kuanikwa huwa wekundu au wamevunjikavunjika, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku. Chukua dagaa watatu, wavunje na unuse: wazuri huvunjika kwa mlio mkavu na harufu yao ni ya samaki tu, haina ukakasi.

Sehemu nyingine ya soko ni ya kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ubao. Wenyeji hawamli sana. Wanunuzi wake wakubwa hutoka Kongo, na ndiyo maana katika kona hiyo ya soko utasikia Kilingala na Kifaransa kikichanganyika na Kiswahili cha Kigoma. Ukibahatika utaona pia watu wakipima mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, kwa umakini wa sonara. Bondo kavu lina thamani kubwa kuliko nyama ya samaki lilimotoka, kwa sababu huuzwa Asia ya Mashariki.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa usibishane. Picha ambayo hakuna atakayekukataza ni ya makorongo wenye vichwa vya upara wanaosimama juu ya mapaa na kando ya mabucha wakisubiri matumbo ya samaki kama wazee wa baraza wanaosubiri posho.

Hatua ya nne: Kula samaki kwa utaratibu wake

Kabla hujaagiza, jua unachoagiza, maana katika mji huu neno “samaki” peke yake halitoshi.

Sato ndiye samaki wa heshima. Mwili wake ni mpana, nyama yake ni tamu na yenye miba inayoonekana, na huandaliwa mzima. Mahali pazuri pa kumla ni pale ambapo utaonyeshwa samaki akiwa mbichi kwanza. Tazama macho yake, ambayo yanapaswa kuwa maangavu na yaliyotokeza, kisha uombe afunuliwe matamvua: yakiwa mekundu, samaki ni wa leo, yakiwa ya kahawia, mwache. Ukimchagua, mpishi atampara magamba, atamchanja mikato mitatu au minne kila ubavu hadi kwenye mfupa ili chumvi, ndimu na kitunguu saumu vipenye, kisha atakuuliza kama unamtaka wa kukaanga, wa kuchoma au wa mchuzi. Mimi humpendelea wa kuchoma, aliyebanikwa polepole juu ya mkaa hadi ngozi ikawa na malengelenge na mikato ile ikafunguka yenyewe. Jambo moja la lazima: sato wa namna hii huchukua dakika 40 au zaidi, kwa hiyo agiza kabla njaa haijakushika, na usimharakishe mpishi, kwani samaki aliyeharakishwa huungua nje akabaki na damu kwenye uti.

Ataletwa na ugali, kachumbari na pilipili. Ukiulizwa ugali gani, jaribu wa muhogo uliochanganywa na mtama, ambao ni mzito, una rangi ya udongo na unashika mchuzi kuliko sembe. Nawa mikono, kula kwa mkono wa kulia, anza na ubavu ulio juu, ukimaliza inua uti wote mara moja badala ya kumgeuza samaki, halafu umalizie kichwa. Mgeni anayeacha kichwa cha sato hadi sahani ikaondolewa, mhudumu anaweza kumwuliza kama anaumwa.

Sangara ni habari nyingine. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, hadi aina nyingi zikatoweka, kisha akageuka kuwa uti wa mgongo wa uchumi wa mji. Anaweza kupita kilo 100. Viwanda huchukua minofu yake na kuisafirisha Ulaya, na kinachobaki, yaani kichwa na uti wenye nyama kidogo, huitwa mapanki na hukaangwa mitaani. Sangara wa hotelini, aliyekatwa vipande vinene visivyo na miba midogo, anafaa kwa watoto na kwa watu wa bara ambao hawajazoea samaki. Mapanki ya moto kutoka kwenye karai la mtaani yana ladha zaidi, mradi uone mafuta yakiwa masafi. Furu nao hawajaisha wote. Ukiwakuta wamekaangwa wakauke, wale kama karanga.

Kamongo ni wa mwenye moyo. Ni samaki mrefu kama nyoka anayepumua hewa na anayeweza kuishi ndani ya tope lililokauka, na katika familia nyingine haliwi kabisa, wakati kwa nyingine ndiye chakula cha mgeni mkubwa. Nyama yake ina mafuta mengi, hasa akiwa amekaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga.

Usile samaki siku zote tatu, hata hivyo. Chakula cha Kisukuma ni cha shambani na ng’ombeni kuliko cha ziwani, na mama lishe wa masokoni ndio watakaokupa: nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, mlenda, maziwa mgando, na wali wa mchele wa mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, ambao ukipikwa vizuri unanukia bila kutiwa chochote. Tafuta michembe na matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa, ila michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, wakati matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, na kwa hiyo huwa vitamu na vinatafunika kama tende ngumu. Vinalika vizuri na chai ya maziwa, na vinakaa hata miezi bila kuharibika.

Hatua ya tano: Mchana, zunguka katikati ya mji kwa miguu

Jua likiwa kali, ziwa halina la kukuonyesha. Huu ndio wakati wa mitaa yenye vivuli. Anzia kwenye mnara wa saa. Bamba lililowekwa hapo linaeleza kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, John Hanning Speke aliliona ziwa hili, ambalo alilipa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza, nalo bado linaandikwa kwenye mabango ya biashara nyingi za mji. Kituo cha Wajerumani kilifuata mwaka 1892, na reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, ikageuza bandari ndogo kuwa mlango wa pamba ya Usukuma yote. Pamba hiyo imeacha jina lake kwenye Barabara ya Pamba na kwenye timu ya mpira, Pamba, ambayo mashabiki wa zamani bado wanaiita TP Lindanda. Usimwulize mzee wa Mwanza kuhusu timu hiyo kama una haraka.

Kutoka hapo elekea Makoroboi. Koroboi ni kibatari cha mafuta ya taa kinachotengenezwa kwa kopo, na mtaa huu uliochomekwa kati ya miamba ulipata jina kwa sababu ya mafundi waliokuwa wakikata makopo na mabati chakavu na kuyageuza vibatari, majiko na miiko. Leo wachuuzi wa nguo na viatu ndio wengi, lakini ukisikia nyundo, ifuate. Jirani yake kuna mahekalu ya Kihindu na maduka ya zamani ya Wahindi yenye roshani za mbao na chuma, ambayo kwa maoni yangu ndiyo majengo mazuri kuliko yote ya mji, ingawa hakuna anayewapeleka wageni kuyatazama. Kwa mitumba nenda Mlango Mmoja, na uende asubuhi wakati mabelo yanapofunguliwa.

Inua macho pia utazame vilima. Miamba ya matale iliyoupa mji jina la Jiji la Miamba ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwenye miteremko ya Mabatini, Isamilo na Igogo nyumba zimejengwa katikati yake, mwamba ukiwa ukuta wa nyuma wa chumba, kaburi la jirani likiwa hatua tano chini, na ngazi zikiwa zimechongwa pale mguu ulipozoea kukanyaga. Ukitaka kupanda, nenda na mwenyeji wa mtaa huo na uwaamkie watu mlangoni, kwa sababu njia utakayopita ni uwani kwa mtu.

Hatua ya sita: Jioni, vuka Kamanga na urudi

Hii ndiyo safari ya ziwani ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni safari ambayo kampuni za utalii hazikuuzii. Saa kumi jioni nenda kwenye gati la Kamanga, kata tiketi ya mtembea kwa miguu, na upande kivuko kinachokwenda upande wa Sengerema. Kuvuka huchukua karibu nusu saa. Simama nyuma ya kivuko wakati wa kwenda, kwa kuwa mji mzima unafunguka nyuma yako: kilima cha Bugando na hospitali yake juu kabisa, rasi ya Kapripointi, nyumba zilizopachikwa miambani. Ukifika ng’ambo, kunywa soda, usiende mbali, na urudi na kivuko kinachofuata. Muulize mkata tiketi saa ya safari ya mwisho kabla hujashuka.

Ukirudi jua litakuwa linazama, na Jiwe la Bismarck liko hatua chache tu kutoka gatini. Ni mwamba uliosimama juu ya miamba mingine ndani ya maji kana kwamba mtu aliuweka akasahau kuuondoa, na Wajerumani waliupa jina la Otto von Bismarck, Kansela wao. Lipige picha likiwa jeusi mbele ya anga jekundu; mchana jua likiwa utosini huwa ni jiwe la kawaida.

Hatua ya saba: Siku ya pili, nenda Bujora kupitia Igoma

Panda daladala ya Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Njiani utapita Igoma, na ninashauri ushuke. Hapo wamezikwa watu wengi waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza, na kuna mnara wa kumbukumbu. Mamia ya watu walikufa siku ile, na hakuna mtaa wa Mwanza au Bukoba usio na familia iliyopoteza mtu. Dakika 20 za kutembea kati ya makaburi hayo zitakueleza kwa nini watu wa hapa hulitazama ziwa kwa namna wanavyolitazama.

Kisesa iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, na kutoka barabarani hadi Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora ni mwendo mfupi wa bodaboda au wa miguu. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1968 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Québec, aliyekuwa ameshajifunza ngoma na desturi za Wasukuma na kuziingiza kanisani. Omba mwongozaji na umpe muda, kwa kuwa vitu vingi vilivyomo havina maana bila maelezo. Kanisa lenyewe ni la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Jengo la ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimo ngoma ambazo kila moja ilikuwa ya utawala fulani.

Tenga muda zaidi kwa jengo la vyama vya ngoma. Katikati ya karne ya 19 waliishi wacheza ngoma na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani mwenye dawa kali na nani anavuta watu wengi. Wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu, na hadi leo mashindano ya ngoma ya Usukuma hufuata mgawanyo huo. Pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamehamia kwake, jambo linalowafanya wachezaji wabuni vituko kila mwaka. Chama cha Bayeye hucheza na nyoka. Banunguli, waliokuwa wawindaji wa nungunungu, wana ngoma zao. Bugobogobo huchezwa na majembe, kwa kuwa ilianza shambani, wakati kundi la vijana lilipolima kwa mdundo ili shamba la mwenzao limalizike kabla ya jua kupanda. Mchezaji hulirusha jembe hewani, hulizungusha, hulidaka na kulipiga chini kwa pigo lile lile la ngoma. Ukiwa umefika karibu na Sikukuu ya Ekaristi, mwezi Juni kwa kawaida, utakuta sherehe za Bulabo, ambapo mashindano hayo hufanyika hapo hapo. Nje ya msimu, uliza mapema kama kikundi kinaweza kukuchezea, na muelewane malipo kabla ngoma haijaanza.

Kabla hujatoka, uonyeshwe ukuta wa hesabu. Umeandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi ambazo Wasukuma wa rika tofauti walizitumia, kila rika na maneno yake, ili mkubwa asielewe mdogo anahesabu nini. Nilikaa mbele ya ukuta huo kwa muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote.

Hatua ya nane: Siku ya tatu, Saanane

Kisiwa cha Saanane kinaonekana kutoka mjini, na boti kutoka Kapripointi huchukua dakika chache tu. Kimepewa jina la Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima hapo kabla serikali haijakigeuza bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, iliyo ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Hakikisha una fedha kwenye simu kwa ajili ya malipo. Nenda asubuhi na mapema ukawaone swala pala na pundamilia kabla hawajaingia vivulini, pimbi wakiota jua juu ya mawe, na kenge walionenepa. Beba maji na chakula cha mchana, panda hadi mwamba ulio juu, ukae.

Usiingie ziwani mahali penye majani na maji yaliyotulia, hapa wala kwenye fukwe nyingine, kwa sababu konokono wa sehemu hizo hueneza kichocho. Ukiwa umekwisha kuingia, pima baada ya wiki kadhaa. Dawa yake ipo na ni rahisi. Na boti yoyote utakayopanda, iwe ya dakika tano, vaa jaketi la kujiokolea na ulifunge.

Mwenye siku ya nne na aende Ukerewe kwa meli hadi Nansio, safari ya saa tatu au zaidi, akale machungwa. Asiyependa maji na aende kuliona daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa mwaka 2025 mahali ambapo zamani magari yalilala foleni yakisubiri kivuko.

Hatua ya tisa: Funga zawadi vizuri kabla ya kuondoka

Nunua dagaa siku ya mwisho, si ya kwanza, na uwatie kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye ndoo yenye kifuniko. Gunia peke yake kwenye buti la basi litanukisha nguo za watu wote kwa saa 15 na zaidi hadi Dar es Salaam. Michembe na matobolwa havina harufu, vitakaa popote. Kwa samaki mbichi njia nzuri ni ndege: mnunue jioni ya kuamkia safari, mtoe matumbo na matamvua, mfunge kwa nailoni, umlaze kwenye friza ya hoteli usiku kucha hadi awe jiwe, kisha umpange kwenye boksi lililozibwa kwa utepe wa gundi pande zote na kuandikwa jina lako kwa herufi kubwa. Andika kubwa kweli, kwa sababu katika ndege inayotoka Mwanza boksi la samaki haliwi moja.